Kiti cha Mzee Miwani

Maabarani walimwita Bi Viti, na jina lilimganda kiasi kwamba hata karani wa mishahara alihitaji kufikiri kidogo kabla ya kukumbuka lile la kwenye cheti. Kazi yake ilikuwa kutunza leseni za programu za kompyuta. Kwenye mikataba ya programu, ruhusa ya mtumiaji mmoja huitwa kiti: mtu mmoja, kiti kimoja, na asiye na kiti hafungui barua pepe, hapokei agizo, hajulikani kama yupo. Maabara ilikuwa na viti sitini vya barua pepe. Wafanyakazi walikuwa sitini na saba. Kwa hiyo haikupita wiki bila mtu kuchungulia mlangoni pake na kubembeleza, "Bi Viti, nisogezee basi, hata ukingoni," naye akajibu bila kuinua kichwa kwamba asubiri mwenzake aache kazi, ahamie mbali, au afe.

Alikuwa akisema hivyo kwa utani. Mzee Miwani alipokufa, aliacha kusema.

Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi. Dari lilishuka kwa mteremko kufuata vidato, hivyo mgeni mrefu aliingia kwa kuinama kama anayeomba radhi. Hapakuwa na dirisha. Kulikuwa na feni ya mezani iliyofungwa gundi ya karatasi shingoni, kabati la chuma lenye droo tatu, moja yake haikuwa imefunguka tangu alipofika, na daftari kubwa lenye jalada la kitambaa ambamo kila kiti kilikuwa na mstari wake. Watu walipanda na kushuka juu ya kichwa chake siku nzima. Aliwajua kwa miguu: mhasibu aliyekanyaga kisigino kwanza, mkurugenzi aliyeruka vidato viwili viwili mwanzoni mwa wiki na kujikokota mwishoni, na yule dada wa ghorofa ya pili waliyemwita Hadubini, ambaye hatua zake hazikusikika kabisa hadi alipokuwa mlangoni.

Alianza kazi kama mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa, wapiga chapa wenzake wawili walipewa barua za asante wakaenda zao. Yeye alibaki kwa sababu mkuu wa mifumo, mzee mwembamba mwenye miwani mbili shingoni na ya tatu aliyoisahau kichwani, aliona jinsi alivyoorodhesha kalamu za ofisi hadi rangi ya vifuniko. "Huyu nipeni mimi," Mzee Miwani aliwaambia wakubwa. Akamfundisha leseni ni nini, mkataba unasomwa kuanzia wapi, na kwa nini mstari wa mwisho wenye herufi ndogo ndio wa kusomwa kwanza. Hakumwita msaidizi hata siku moja. Alimwita mwanangu, ingawa walipishana miaka kumi na mitano tu.

Maabara ile ilipima vipande vya mwili. Daktari wa hospitali yoyote akimkata mgonjwa uvimbe, kipande kilifika pale ndani ya kikopo, kikakatwa chembamba kama ganda la kitunguu, kikalazwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo mtu alipojulikana kama ana saratani au hana. Juu ya kioo palikuwa na namba tu. Jina la mgonjwa lilikuwa ndani ya mfumo wa kompyuta, kwenye ukurasa mwingine kabisa, na Mzee Miwani mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Hakupenda mhudumu aliyebeba trei ya vioo kwenye korido ajue siri ya jirani yake.

Mfumo huo ndio uliokuwa fahari yake. Miaka kumi na moja nyuma kampuni tatu zilikuja kuuza. Ya kwanza iliwapeleka wakubwa kula hotelini, ya pili ikaleta picha zinazocheza ukutani. Ya tatu ilileta kijana mmoja mwenye mafua na kompyuta iliyokwanguka, na Mzee Miwani akamwita Hadubini, akamkalisha, akasema, "Haya, sajili sampuli kumi bila kufundishwa." Hadubini alisajili kumi, akauliza kama anaweza kuendelea. Mkataba ukasainiwa na kampuni ya kijana mwenye mafua. Fomu ilidai jina la msimamizi mteule: si cheo, si ofisi, bali mtu, na anwani yake ya barua pepe na namba yake ya simu. Mzee Miwani alijaza zake kwa wino wa bluu. Bi Viti alikuwa amesimama pembeni akikausha muhuri kwa kuupuliza.

Mzee alikufa kwa presha siku moja alipokuwa akifunga kamba za viatu. Wakamzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvua hata mtandio, Bi Viti alifungua orodha ya viti, akatafuta jina lake, akalifuta. Barua zake zote zilifutika baada ya siku thelathini, kama taratibu zilivyotaka. Alilia akifanya hivyo, lakini alifanya, kwa sababu Mzee Miwani ndiye aliyemfundisha kwamba kiti kisichokaliwa ni uzembe. Kwenye kikao cha mwezi mkurugenzi alimsifu mbele ya watu. Alisema angetamani kila idara iwe na mtu kama huyu, asiyeruhusu hata marehemu wakae bure. Watu walicheka kidogo, kisha wakatazama chini.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Jumanne moja, saa mbili na nusu asubuhi, Hadubini alitokea mlangoni bila kusikika.

"Bi Viti, njoo uone kitu. Sijakipenda."

Juu ya skrini ya mfumo wa sampuli palikuwa na mkanda mwekundu, mwembamba kama uzi: leseni ya mfumo huu haijathibitishwa upya, mfumo utajifunga Ijumaa saa kumi na moja jioni. Chini yake maandishi madogo. Bi Viti aliyasoma hayo kwanza. Yalisema kwamba taarifa nne zilikwisha kutumwa kwa msimamizi mteule.

Alishuka ngazi akishika ukuta. Alifungua kabati, akatoa mkataba, akakuta ule wino wa bluu. Akakaa. Miguu ilipita juu ya kichwa chake, mmoja baada ya mwingine, na hakuitambua hata mmoja. Taarifa nne. Zilikwenda kwenye anwani aliyoiua kwa mkono wake.

Pesa haikuwa tatizo. Ada ya mwaka ilikuwa imetengwa tangu zamani. Kilichotakiwa, kama kila baada ya miaka michache, ni msimamizi kusema ndiyo. Alipiga simu kwa wauzaji. Akapokewa na muziki, kisha na binti mwenye sauti ya upole, akamweleza mambo yote tangu mwanzo. Binti alimsikiliza, akampa pole, akamwomba asubiri, akarudi.

"Mama, kwenye mfumo wetu msimamizi wenu ni yuleyule. Yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha, au kutuandikia kwamba amekabidhi kwa mwingine."

"Amekufa, binti yangu."

"Nimekuelewa, mama. Ila hapa skrini inanipa sehemu moja tu ya kubofya. Inasema asubiriwe."

Ipo njia nyingine, binti alisema. Maabara ilete hati za usajili wa kampuni, barua ya bodi na cheti cha kifo, vipitiwe na wanasheria wao. Siku kumi na nne za kazi. Bi Viti aliuliza kama katika siku hizo mfumo utaachwa wazi. Binti alisema, kwa sauti iliyokuwa yake mwenyewe na si ya kampuni, kwamba angekuwa na uwezo angeuacha.

Vioo vilivyokuwa vikisubiri majibu siku hiyo vilikuwa elfu moja na mia tisa. Hadubini alimwonyesha, akavuta trei moja baada ya nyingine: vipande vya rangi ya waridi na zambarau, vizuri kutazama, kila kimoja na namba. "Ijumaa jioni," Hadubini alisema, "hivi vyote vitakuwa vioo tu. Nitaona ugonjwa, nitauona kabisa. Sitajua ni wa nani." Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama wa watoto watatu aliyepiga simu kila asubuhi kuuliza. Mwingine alikuwa mzee aliyekwisha kuambiwa na daktari wake asianze dawa hadi majibu yatoke.

Wakaanza kunakili kwa mkono. Hadubini na wenzake wawili waliketi na daftari za shule, wakifungua ukurasa wa namba, wakisubiri, wakiufunga, wakifungua ukurasa wa jina, wakisubiri. Kompyuta zilikuwa kuukuu na mfumo ulijikokota. Kila mgonjwa alichukua dakika nne, wakati mwingine sita. Ule uangalifu wa Mzee Miwani wa kutenga namba na jina sasa ndio uliowachelewesha. Jumanne hadi jioni walikuwa na majina mia moja thelathini na tano.

Mkurugenzi hakuwepo. Alikuwa nchi nyingine kwenye maonyesho ya programu, akitafuta mfumo mpya. Jumatano Bi Viti alimpata kwenye simu, nyuma yake kukiwa na vicheko na mlio wa vijiko. Mkurugenzi alimsikiliza nusu. Alisema mfumo ule ni wa kizamani hata hivyo, kwamba ameona mwingine wenye skrini za kupendeza ajabu na kwamba mwakani wataachana na huo. Bi Viti akasema mwakani ni mbali, ni Ijumaa hii. Mkurugenzi akavuta pumzi.

"Wewe si ndiye mwenye mambo ya leseni? Fanya unaloweza. Nakuamini."

Kisha akakata.

Neno lile, nakuamini, Bi Viti alilichukua kama lilivyo. Alilipeleka kwa mhasibu, mtu ambaye watu walisema ana mkono wa birika hata anaposalimia. Bi Viti alikuwa na wazo dogo ambalo hakulitaja lote. Aliomba kiti kimoja cha barua pepe cha ziada, cha sitini na moja, kwa wiki moja tu. Mhasibu alimwonyesha karatasi. Bajeti ya viti ilifungwa, na aliyependekeza ifungwe, kwa maandishi, miaka miwili nyuma, akieleza kwamba sitini vinatosha mradi visimamiwe vizuri, alikuwa Bi Viti mwenyewe. Sahihi yake ilikuwa nadhifu.

Nyumbani mumewe, fundi saa ambaye siku hizi alibadilisha betri tu, alimwona anageuza kijiko kwenye sahani bila kula. Akamuuliza kuna nini. Alipoelezwa, aliweka kijiko chake chini.

"Mama watoto," alisema, "yaani wanamtaka marehemu aseme kwamba yeye marehemu?"

"Ndivyo."

"Na akisema yu hai, watamkubalia?"

Alikusudia mzaha. Bi Viti hakucheka. Alimtazama mpaka mumewe akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Bi Viti naye alikuwa amekwisha kulifikia wazo hilo, tangu asubuhi, akageuka na kukimbia. Sasa kwa kuwa limesemwa na mtu mwingine, lilikuwa limekaa mezani pamoja nao kama mgeni asiyejua kuondoka.

Anwani ya Mzee Miwani ilikuwa huru. Ingeweza kufunguliwa upya, tupu, kwa jina lilelile. Barua ya uthibitisho ingekuja humo. Lakini herufi ndogo zilisema pia kwamba namba ya siri ingetumwa kwenye simu ya msimamizi, na hiyo simu hakujua iko wapi, chini ya ardhi au juu yake.

Alhamisi mchana alikwenda kwa mjane. Hakuwa amekanyaga pale tangu wiki ya msiba, na aibu ilimtangulia mlangoni. Mjane alimpokea bila lawama. Sebule ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, saa ya ukutani aliyoikarabati mumewe Bi Viti miaka mingi iliyopita, na pembeni mwa redio, kwenye waya, simu ndogo ya vitufe ikiwa inachajiwa.

Bi Viti alisahau salamu alizokuwa ameziandaa.

"Bado unaichaji, mama?"

"Inaandikiwa bado," mjane alisema. "Watu wote wamenyamaza, mwanangu. Hao tu ndio wanaomkumbuka."

Akampa asome. Zilikuwa nne. Ndugu mteja, mkataba wako unakaribia kufikia mwisho. Ndugu mteja, tafadhali thibitisha. Ya kwanza ilikuwa na miezi mitatu. Chini yake mjane alikuwa amejibu, herufi kwa herufi, pengine kwa nusu saa nzima: Mwenye simu amefariki, naomba mumsamehe kama anadaiwa kitu. Jibu lilirudi dakika ileile. Asante kwa maoni yako, tunathamini kuridhika kwako.

"Nilidhani ni bima," mjane alisema. "Baadaye nikasema hata kama ni bima, waache waandike."

Bi Viti alishika tama. Miezi mitatu taarifa zilikuwa hapa, kwenye waya, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka chini ya ngazi yake, na hakuna aliyekuja kumtazama mwanamke huyu. Alieleza alichokuja kuomba. Hakukipaka rangi. Alisema kesho namba sita zitaingia kwenye simu hiyo, na anamwomba amsomee, na kwamba hiyo itakuwa sawa na mumewe kutia sahihi, na haifai, na yeye ndiye anayeifanya. Mjane alifikiri huku akinyoosha kitambaa cha kochi ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Angekasirika?" aliuliza.

"Angekasirika sana."

"Halafu?"

"Halafu angeuliza vioo vingapi."

Mjane akaitikia kwa kichwa. Alisema atakaa karibu na redio kuanzia saa tatu.

Ijumaa ilifika na majina mia sita na hamsini ndani ya daftari za shule. Hadubini alikuwa na macho mekundu. Mmoja wa wenzake alianza kulia katikati ya ukurasa bila kuacha kuandika. Bi Viti alifunga mlango wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini, akafungua orodha ya viti kwa ufunguo wa usimamizi, ule usiohitaji kiti chake. Sitini. Alihitaji kimoja.

Alipita orodha yote. Mama wa mapokezi hapokei sampuli bila barua pepe. Dereva hupata maagizo ya hospitali humo. Mlinzi mkuu, ambaye wenzake humcheka kwamba yeye ni mtu wa lango ana barua pepe ya nini, ndiye anayetumiwa taarifa friji zikizima Jumapili. Karani, mhudumu wa stoo, fundi umeme. Alikuwa amewagawia viti hivi kwa miaka, kimoja kimoja, kwa ubahili na kwa haki, na kila mstari ulikuwa mtu anayemjua kwa miguu. Mstari wa hamsini na nane ulikuwa wake.

Skrini ilimuuliza kama ana uhakika. Akabofya ndiyo. Miaka yake ishirini na zaidi ya barua ikatoka nje kimya kimya. Kisha akaandika jina la Mzee Miwani mahali palipobaki wazi, taratibu, akihakikisha kila herufi.

Kisanduku kilifunguka cheupe, hakina barua hata moja. Saa nne kasorobo alimpigia binti wa wauzaji, akamwambia kwamba msimamizi mteule yuko tayari kupokea. Binti alinyamaza. Alikuwa yuleyule, na Bi Viti alijua kwamba anakumbuka. Pale kwenye ule ukimya kulikuwa na watu wawili ambao hawatakutana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme lisilotakiwa kusemwa.

"Natuma sasa hivi, mama," binti alisema.

Barua ikaingia. Ndugu mteja. Alibofya palipotakiwa. Mjane akapiga simu, akasoma namba sita moja moja, akarudia bila kuombwa. Kisha ukurasa ukafunguka wenye tamko ambalo Bi Viti hakulitarajia. Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu, nathibitisha kwa hiari yangu. Weka jina lako kamili.

Aliondoa vidole kwenye vitufe. Mpaka hapo alikuwa amefungua milango tu. Sasa aliambiwa aseme yeye ni nani. Juu ya kichwa chake mtu alipita na trei, vioo vikigongana kwa sauti ndogo. Aliandika jina la mzee. Mwisho wa ukurasa palikuwa na nafasi ya kumtaja msimamizi mpya. Hakujitaja. Aliandika jina la Hadubini, yule aliyesajili sampuli kumi bila kufundishwa, akabofya.

Saa nne na dakika ishirini ule mkanda mwekundu ulitoweka. Ghorofa ya pili mtu alipiga kelele, akanyamazishwa. Hadubini alishuka mbio, na kwa mara ya kwanza Bi Viti alizisikia hatua zake. Hakuuliza imekuwaje. Aliinama chini ya lile dari, akamkumbatia, akarudi kwenye hadubini yake. Jioni hiyo yule mama wa watoto watatu alipata majibu. Yalikuwa mabaya, lakini yalikuwa yake.

Mkurugenzi alirudi wiki iliyofuata na mikoba ya vipeperushi. Ilichukua siku mbili wanasheria wa maabara kuona kwamba mkataba umethibitishwa na mtu ambaye cheti chake cha kifo kiko kwenye faili. Bi Viti hakuitwa. Aliendelea kuja kazini, kuwasha feni, kukaa mbele ya kompyuta isiyomfungulia kitu. Siku ya nne ofisa utumishi alikuja mwenyewe, akainama mlangoni, akamuuliza kwa mshangao kwa nini bado anakuja, kwani alisimamishwa kazi tangu Jumanne. Barua ilitumwa kwenye barua pepe yake.

"Sina barua pepe," Bi Viti alisema.

Ofisa alikwenda kuichapa.

Mbele ya kamati mkurugenzi alisema anasikitika kuliko mtu yeyote. Aliulizwa kama alimpa ruhusa. Alisema alimwambia afanye anachoweza, ndiyo, lakini hakumtuma akafufue mtu. Hadubini alisimama bila kuitwa, akasema vioo ni elfu moja na mia tisa, akataka kuendelea, akaombwa akae. Mwanasheria alieleza kwamba kisanduku kile sasa ni ushahidi. Kisiguswe, kisifutwe, kibaki wazi mpaka uchunguzi uishe, nao unaweza kuchukua mwaka. Mhasibu akauliza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, kama hilo lina maana ya kiti. Lilikuwa na maana ya kiti. Mzee Miwani alikuwa nambari hamsini na nane. Mtu akapendekeza Bi Viti akipata nafuu ya adhabu, arudi, asubiri kiti kitakachoachwa wazi. Aliposikia hivyo alitaka kucheka, akaogopa kwamba akianza hataweza kuacha.

Alitoka, bado amesimamishwa kazi, akiwa na feni yake mkononi, aliyoinunua mwenyewe. Daftari aliliacha juu ya meza, limefunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho. Alikuwa bado hajafika getini simu ilipolia. Alikuwa mjane.

"Mwanangu, wameandika tena," alisema. "Wanasema asante kwa kuendelea kuwa nasi. Na kwamba lile jina jipya litaanza baada ya siku tisini, mpaka hapo ni yeye. Sasa mimi nilikuwa nataka kuichomoa hii simu. Nimechoka kuisikia ikilia. Nichomoe?"

Bi Viti alisimama. Mlinzi mkuu, aliyeambiwa asimruhusu kurudi ndani, alitazama pembeni kwa heshima. Juu, ghorofa ya pili, taa za hadubini zilikuwa zinawaka. Mtu mmoja alikuwa ameinama pale, akisoma namba, akifungua ukurasa mwingine, akipata jina.

"Hapana, mama," alisema. "Endelea kuichaji."

Akaihamishia feni kwenye mkono wa pili, kwa sababu ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka, akamwambia kwamba yuko njiani kuja kukaa naye kidogo, kwani mchana huu hana mahali pengine pa kukaa.